Mchango, Kodi au Mkopo? Uhakiki wa Mjadala kuhusu Kile Ambacho Himaya ya Uingereza Iliupa Ulimwengu

Ikisiri

Mjadala kuhusu kile ambacho taifa lenye nguvu limeupa ulimwengu huendeshwa mara nyingi kama ufungaji wa hesabu: mema huandikwa upande mmoja, mabaya upande wa pili, kisha hutafutwa salio. Makala haya yanahakiki mtindo huo wa hoja kwa kuzingatia himaya ya Uingereza kama inavyojadiliwa na Niall Ferguson katika Empire (2003) na Walter Rodney katika How Europe Underdeveloped Africa (1972). Yanadai kwamba waandishi hawa wawili, licha ya kupingana, wanatumia daftari la aina moja, na kwamba maana ya neno la Kiswahili “mchango” inatoa kipimo makini zaidi. Kipimo hicho kinajaribiwa kwa mifano mitatu: kukomeshwa kwa utumwa, reli ya Uganda na usanifishaji wa Kiswahili. Mwishoni, makala yanaonesha umuhimu wa suala hili kwa waandaaji wa mitaala na washauri wa sera katika Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Katika vitabu vya kiada vya Kiswahili kwa shule za sekondari, sehemu ya historia ya lugha imezoeleka kupangwa kwa tawala: Waarabu walifanya nini, Wajerumani walifanya nini, Waingereza walifanya nini, kisha serikali huru. Chini ya kila kichwa hupangwa hoja ambazo mwanafunzi huzikariri na kuzirudisha katika mtihani. Neno linalounganisha orodha hizo ni “mchango”. Mwanafunzi huandika juu ya mchango wa Waingereza katika kukuza Kiswahili bila kuulizwa kama kilichotendeka kilikuwa mchango kweli.

Mazoea hayo yana ndugu yake katika uwanja mpana zaidi. Tangu kuanza kwa karne hii, swali la kile ambacho Uingereza iliupa ulimwengu limerudi kwa kishindo. Ferguson alilifufua mwaka 2003, mwaka ambao Marekani na Uingereza zilivamia Iraki. Shashi Tharoor alijibu kwa upande wa India katika Inglorious Empire (2017). Nigel Biggar aliitetea himaya kwa misingi ya maadili katika Colonialism: A Moral Reckoning (2023). Kila kitabu kimepata wasomaji wengi, na kila kimoja kimewaacha wapinzani wake pale pale walipokuwa. Watetezi wa himaya huona kwamba asante ya punda ni mateke. Wapinzani wao huona kwamba mwizi anadai ashukuriwe kwa kuacha mlango wazi.

Mjadala unaozunguka namna hii kwa miaka mingi bila kusonga mbele huwa na kasoro katika swali lenyewe. Uhakiki ufuatao unaanza na vitabu viwili vinavyowakilisha pande hizo mbili kwa ukamilifu, kisha unarejea kwenye neno ambalo Waswahili wanalo tayari.

2.0 Vitabu Viwili, Daftari Moja

Ferguson hastahili kusomwa kama mpiga debe. Anataja biashara ya watumwa, njaa zilizoua watu chini ya utawala wa Waingereza, na ukatili uliotumika kuzima maasi. Katika utangulizi anasimulia pia utoto wake jijini Nairobi, miaka michache baada ya uhuru, katika familia ya Kiskoti iliyonufaika na mazingira yaliyoachwa na himaya. Hoja yake kuu ni kwamba hakuna dola nyingine katika historia iliyofanya zaidi kueneza biashara huria, mitaji, sheria za Kiingereza, mabunge na lugha ya Kiingereza. Kwa wanaotaja maovu, ana jibu: kama si Waingereza, mahali pao pangechukuliwa na himaya mbaya zaidi, kama zile za Wajerumani, Wajapani au Waitaliano.

Udhaifu wa hoja hiyo umo katika sarufi yake. Mtenda wa karibu kila kitenzi muhimu ni Mwingereza: yeye huleta, hujenga, hufundisha na huacha. Watawaliwa hutokea kama wapokeaji au kama gharama. Aidha, himaya inalinganishwa na himaya nyingine tu. Uwezekano kwamba jamii zilizotawaliwa zingejipatia reli, shule au lugha ya mawasiliano kwa njia yao wenyewe, kwa kununua, kuiga na kubuni kama ilivyofanya Japani, haupewi uzito unaostahili.

Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alichapisha kitabu chake mwaka 1972 akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliliona tatizo la mizani mapema. Anaikataa waziwazi hoja kwamba ukoloni ulinyonya kwa mkono mmoja na kutoa kwa mkono wa pili. Anaonesha kwamba barabara na reli zilielekea bandarini kwa sababu kazi yake ilikuwa kusafirisha mazao na madini, na kwamba wananchi ndio waliobeba gharama kupitia kodi, ujira duni na kazi za shuruti. Hoja hiyo haijapoteza nguvu yake.

Hata hivyo, baada ya kuikataa mizani, Rodney anafunga hesabu kwa njia nyingine: salio ni hasara tupu. Wahusika wake wakuu ni Ulaya na Afrika, kana kwamba kila bara ni mfanyabiashara mmoja mwenye akaunti moja. Anapozungumzia shule huru za Wakikuyu, zilizoanzishwa na wazazi waliotaka elimu isiyodhibitiwa na misheni wala serikali, anakaribia kabisa hoja tofauti: kwamba kitu kilicholetwa kwa nia ya kutawala kinaweza kunyang’anywa na kufanywa kingine. Lakini ugunduzi huo haubadilishi muundo wa kitabu. Shule zile zinabaki kuwa ushahidi wa upinzani, nao upinzani hauna safu yake katika hesabu ya mwisho.

Hapa ndipo wapinzani hawa wawili wanapokutana. Ferguson anauliza Uingereza ilitoa nini. Rodney anauliza Ulaya ilichukua nini. Katika maswali yote mawili mwenye daftari ni mmoja, yule mwenye nguvu. Swali la nini kilifanywa na waliopokea, walionyang’anywa au waliokataa linabaki pembezoni.

3.0 Neno “Mchango” na Masharti Yake

Kiswahili kina msamiati mpana wa vitu vinavyotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Zawadi hutolewa bila kudaiwa. Mkopo hurudishwa. Kodi hutozwa kwa amri. Fidia hulipa madhara. Urithi huachwa na mtu aliyekwisha kuondoka. Athari ni alama inayobaki, iwe njema au mbaya, iwe ilikusudiwa au la. Mchango una nafasi yake ya pekee katikati ya maneno haya.

Yeyote aliyeketi katika kamati ya harusi au ya msiba anajua masharti ya mchango. Kwanza, mchangaji hutoa kilicho chake. Anayechukua cha jirani na kukiweka katika kapu la jirani huyo huyo hakuchanga. Pili, mchango ni wa wengi: huanza na shughuli inayokubaliwa na wahusika, na waliochanga pamoja na wenye shughuli wana kauli juu ya matumizi yake. Tatu, mchango huishia katika shughuli. Baada ya harusi kufana, sifa huenda kwa wenye harusi, waliopika na waliohudhuria, wala haidaiwi na mchangaji mmoja. Pamoja na hayo daftari huwa wazi. Mweka hazina asomapo hesabu, kila mtu anaweza kuuliza.

Kutokana na masharti hayo yanapatikana maswali matatu yanayoweza kuulizwa juu ya jambo lolote linalodaiwa kuwa mchango wa taifa kubwa: Nani alilipa? Nani aliamua? Nani alilifanya jambo hilo lidumu na kuwa na manufaa? Maswali haya hayamhukumu mtu kabla ya ushahidi. Kazi yake ni kutenganisha vitu ambavyo neno moja limevifunika.

4.0 Mifano Mitatu

4.1 Kukomeshwa kwa utumwa

Mfano huu ndio ngome imara zaidi ya watetezi wa himaya. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na sheria ya mwaka 1833 ilikomesha utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni yake. Kwa miongo kadhaa manowari za Uingereza zilizunguka pwani ya Afrika Magharibi zikikamata meli za watumwa, na takribani watu 150,000 waliachiliwa. Mabaharia wengi wa Kiingereza walikufa katika kazi hiyo, wengi wao kwa maradhi. Kwa swali la kwanza, sehemu hii inastahili kuitwa mchango: fedha na maisha ya Waingereza yalitumika.

Lakini sheria ile ya mwaka 1833 ilitenga pauni milioni 20, takribani asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka, kuwalipa fidia mabwana waliopoteza “mali”. Watumwa walioachiliwa hawakupata chochote, na wengi walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wale wale hadi mwaka 1838. Deni lililotokana na fidia hiyo halikumalizika kulipwa hadi mwaka 2015. Maana yake ni kwamba vizazi vya watumwa wa Karibi waliohamia Uingereza katika karne ya 20 walikatwa kodi iliyosaidia kulipa fidia ya mabwana wa babu zao. Hapo mchango na kodi vimekaa katika mfuko mmoja.

Kwa upande wa pwani ya Afrika Mashariki, Sultani Barghash alilazimishwa mwaka 1873 kutia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja, huku tishio la manowari likiwa nyuma ya balozi John Kirk. Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, na huko pia mwenye kulipwa alikuwa bwana, ilhali mtumwa alipaswa kwenda kudai uhuru wake mbele ya mahakama. Swali la tatu linaongeza jambo ambalo vitabu vya himaya hulipunguza: watumwa wenyewe walikuwa wamekwisha kuuondoa utumwa Haiti kwa mapinduzi yaliyoanza mwaka 1791, na uasi wa Jamaika wa mwaka 1831 uliharakisha sheria ya London.

4.2 Reli ya Uganda

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, umbali wa zaidi ya kilomita 900. Hazina ya Uingereza ilitumia zaidi ya pauni milioni 5. Kwa swali la nani alilipa, basi, jibu la awali linaipendelea Uingereza. Lakini walioitandika reli hiyo walikuwa hasa vibarua kutoka India, takribani 32,000, na kati yao karibu 2,500 walikufa. Majina yao hayamo katika orodha ya wachangaji.

Swali la nani aliamua lina jibu moja. London ilitaka kulidhibiti eneo la chanzo cha Naili, na wenyeji ambao reli ilikatiza ardhi yao hawakuulizwa. Wanandi waliipinga kwa muda mrefu, na kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa mwaka 1905 alipokwenda kukutana na ofisa wa Kiingereza kwa mazungumzo. Ili reli ipate mizigo ya kubeba, walowezi waliitwa na kugawiwa ardhi yenye rutuba, nao wenyeji wakatozwa kodi ya nyumba iliyowasukuma kwenda kutafuta ujira. Kilichoanza kwa fedha za mlipakodi wa Uingereza kiliendelea kwa ardhi na jasho la watu wengine.

Hata hivyo, swali la tatu haliruhusu hesabu kufungwa kwa hasara tupu. Kwenye njia ya reli iliota miji, masoko, vyama vya wafanyakazi na mitaa ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi na ya siasa. Hayo hayakuwamo katika mpango wa mhandisi. Yaliletwa na watu walioipanda reli kwa shughuli zao.

4.3 Kiswahili Sanifu

Mfano wa tatu unawagusa zaidi wataalamu wa lugha. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, na Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Ilisawazisha tahajia, ikapitisha vitabu vya shule na kusimamia kamusi, zikiwamo zile za Frederick Johnson za mwaka 1939. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, na hakuna msomi wa Kiswahili leo ambaye hajaitumia kwa namna moja au nyingine.

Je, ulikuwa mchango wa Uingereza? Kwanza, malighafi yote, yaani lugha yenyewe, lahaja zake na fasihi yake ya karne nyingi, ilikuwa ya Waswahili. Pili, walioamua walikuwa maofisa wa elimu na wamisionari. Wazungumzaji wa Kimvita, lahaja yenye hazina kubwa ya ushairi, walijikuta mwalimu akiwasahihisha katika lugha ya mama zao. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, katika Historia ya Kiswahili (1977), waliirudisha historia hiyo mikononi mwa wenye lugha. Tatu, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuenea kabla ya kamati. Utawala wa Wajerumani ulikitumia katika shule na ofisi, na gazeti la Kiongozi lilichapwa Tanga kuanzia mwaka 1904. Hoja ya Ferguson kwamba himaya mbadala ingekuwa mbaya zaidi inakwama hapa, kwani katika jambo hili himaya hiyo mbadala ndiyo iliyotangulia.

Ushahidi wa nchi jirani unaimarisha hoja hiyo. Mashariki ya Kongo, ambako Wabelgiji walitawala na kamati ya Waingereza haikuwa na mamlaka, Kiswahili kilienea kwa njia za biashara, migodi na miji. Uganda, iliyokuwa ndani ya kamati tangu mwanzo, ilikuwa na historia ya kinyume. Kabaka Daudi Chwa alikipinga Kiswahili mwaka 1929 akihofia nafasi ya Luganda na ya Buganda yenyewe, na lugha hiyo haikutia mizizi shuleni licha ya sera ya gavana. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kuitumia kama lugha rasmi mwaka 2022, miaka 60 baada ya uhuru. Kama usanifishaji wa kikoloni ndio uliokuza Kiswahili, basi Uganda ingepaswa kukizungumza kwa wingi na Kongo isikijue. Kinachotofautisha maeneo haya ni kile ambacho watu wenyewe walikiona katika lugha: kwa wengine ilikuwa chombo cha biashara, kwa wengine cha ukombozi, kwa wengine tishio.

5.0 Daftari Lenye Kurasa Zilizochanwa

Sharti la uwazi linahitaji kutajwa peke yake. Mwaka 2011, katika kesi iliyofunguliwa London na wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau, serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na maelfu ya majalada ya makoloni 37 yaliyofichwa katika hifadhi ya Hanslope Park. Nyaraka nyingine zilikuwa zimechomwa au kutupwa kabla ya uhuru. Mwaka 2013 serikali hiyo ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Tukio hili lina somo la kimbinu. Anayependekeza kupima mema na mabaya ya himaya kwa mizani anachukulia kwamba kumbukumbu zimekamilika. Hapa mmoja wa wahusika ndiye aliyetenda, ndiye aliyeandika, na ndiye aliyeamua kipi kihifadhiwe. Salio linalotokana na daftari la namna hiyo, liwe faida au hasara, halina uthabiti unaodaiwa.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu haujafikia uamuzi kwamba Uingereza haikuchangia kitu. Umeonesha kwamba vilivyowekwa chini ya jina hilo ni vya aina nyingi: vingine michango ya kweli, kama maisha ya mabaharia waliokamata meli za watumwa; vingine kodi na unyang’anyi; vingine athari zisizokusudiwa; na vingine kazi ya wenyeji iliyosajiliwa kwa jina la mgeni. Ferguson amevijumlisha vyote kuwa faida, Rodney kuwa hasara. Kati ya wawili hao, Rodney anabaki msomaji makini zaidi wa swali la nani alilipa. Swali la nani alikifanya kitu kidumu linawasubiri watakaomfuata.

Kwa waandaaji wa mitaala, hatua ya kwanza ni ndogo na haina gharama. Badala ya kumtaka mwanafunzi aorodheshe mchango wa Waingereza katika kukuza Kiswahili, aulizwe kwa nini Kiswahili kilienea pale kilipoenea na kukwama pale kilipokwama. Swali la pili humlazimu kuwaona wafanyabiashara, vibarua, washairi, walimu na wanasiasa waliokifikisha Kiswahili kilipo.

Kwa washauri wa sera, jambo hili linahusu mikataba ya leo. Reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, imegharimiwa kwa sehemu kubwa na mikopo ya Benki ya Exim ya China, lakini katika hotuba za hadhara miradi ya aina hii huitwa kwa wepesi “mchango wa marafiki”. Deni linapoitwa mchango, mkopeshaji hupata shukrani pamoja na riba, na raia hukosa msingi wa kuuliza masharti. Yanapoandaliwa matamko ya pamoja na taarifa za miradi, kila kitu kiitwe kwa jina lake: mkopo uandikwe mkopo, kodi iandikwe kodi, na jina la mchango libaki kwa kile kilichotoka katika mfuko wa mtoaji, kwa ridhaa ya wenye shughuli, mbele ya daftari lililo wazi.